Kutu Mwilini mwa Fundi Rejeta

Karakana, Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Nakuandikia nikiwa mzima kuliko watu wengi wanaosalimiwa kwa heshima hapa mtaani, na kama una wasiwasi njoo tushindane kunyanyua rejeta ya lori. Wewe ndiye uliyetaka tuandikiane. Ulisema kwenye simu nakuchekesha mpaka unakata bila kuuliza ulichopigia. Haya, karatasi hiyo mkononi mwako, tuone kama yenyewe haichekeshi.

Umeuliza sukari yangu. Sukari yangu haijambo, inakusalimu. Ni mwaka na nusu sasa tangu yule daktari kijana anitangazie kisukari kama anayesoma matokeo ya mpira, na mimi bado niko uwanjani, tena nafunga magoli. Vidonge nameza. Kile kimashine cha kutoboa kidole ulichoninunulia kimeisha betri, lakini usihofu. Miaka kumi na moja nimekaa chumba cha mitambo melini, nimekanyaga bandari ambazo wewe umeziona kwenye ramani, na hakuna siku nilihitaji saa ya joto iniambie mtambo unachemka. Niliuwekea sikio tu. Mwili wangu nao nauwekea sikio.

Sasa nina shida moja ndogo. Juzi mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye gari la zamani kuliko ndoa yake, aliniuliza mdogo wangu anafanya kazi gani hasa huko chuo kikuu. Nikamwambia anatibu kisukari cha dunia nzima. Akauliza anakitibu vipi. Nikamwambia hiyo ni siri ya serikali. Amesema Jumatano atarudi kuchukua gari, na mtu yule hasahau kitu, kwa hiyo niandikie haraka unakitibu vipi.

Wifi yako hajambo. Ananinung'unikia tu kwamba siku hizi nashinda na kandambili kazini badala ya buti. Nimemwambia ni joto.

Kaka yako mkubwa,
Fundi Mkuu wa Rejeta, mstaafu wa bahari zote


Maabara, Jumatatu, 11 Februari

Kaka,

Barua imefika na imechekesha, raundi ya kwanza umeshinda. Ila karatasi ina uzuri wake: nimemaliza kucheka na swali langu bado lipo pale pale. Nunua betri. Hakuna anayesikia sukari kwa sikio, hata aliyefika bandari zote.

Na mimi si profesa. Mimi ni fundi wa maabara, kama wewe ulivyo fundi wa karakana, ila mimi navaa koti jeupe. Profesa ni bosi wangu, na akisikia unaniita hivyo atanibebesha mafaili yake.

Kuhusu mwalimu wako, mweleze hivi. Kila mshipa wa damu una ngozi laini kwa ndani, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ngozi hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee au ukaze, na ndiyo inayofanya damu iteleze bila kuganda ukutani. Sukari ikizidi kwenye damu miezi na miaka, chembe za ngozi ile zinaiunguza kupita uwezo wake. Kinachotoka hapo, tuseme moshi wake, ni oksijeni iliyogeuka kali. Inang'ata kila inachokigusa. Ni jamaa wa kile kinachokula chuma chako. Kwa hiyo, kwa lugha ya karakana, sukari inaushikisha mshipa kutu kwa ndani. Mshipa unakakamaa, njia inakuwa nyembamba, na damu inashindwa kufika mbali. Sisi hapa tunatafuta namna ya kuilinda ngozi ile.

Sasa mwulize mwalimu wako: mbali kabisa na moyo ni wapi? Ni miguuni. Neva za huko nazo zinakosa chakula, mguu unakufa ganzi, mtu anaumia bila kupata habari.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, si mwalimu. Nyayo zako unaziangalia? Kila siku, na kioo kwa chini? Usinijibu kwa utani.

Mdogo wako


Karakana, Jumanne, 19 Februari

Profesa wangu (nimekataa kukushusha cheo),

Barua yako nimeisoma kwa sauti karakana nzima, nimesimama juu ya tairi. Mafundi wenzangu waliweka spana chini. Mwalimu mstaafu alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasema huyu binti anajua kufundisha. Nikamwambia ametoka mikononi mwangu. Yule wa kuchomelea akataka kujua kama kutu ya kwenye damu inatoka na mkojo. Nikamjibu aandike barua kwa profesa wake, huyu ni wangu.

Lakini mbona ulinificha muda wote huo? Mwaka na nusu nimekuwa nikiliogopa neno la hospitali, kisukari aina ya pili, sijui matatizo ya muda mrefu, na maneno mengine ya kumlaza mtu kabla hajaugua. Kumbe ni kutu! Huyo ni adui yangu wa miaka thelathini. Nimempiga kwenye bwela za meli, yale matangi ya mvuke, nimempiga kwenye malori, nimempiga kwenye mashine ya kusaga ya yule mama mwenye sauti kama honi. Leo aje kwangu ndani, anishinde mimi?

Niambie kitu kimoja tu, kwa ufupi. Hapo maabara mnatumia dawa gani ya kutu? Usinipe jina refu.

Nyayo zipo. Ni mbili, moja kulia na moja kushoto.

Fundi Mkuu


Maabara, Jumanne, 26 Februari

Kaka,

Naandika nimesimama, mashine inaniita na bosi ananitazama.

Dawa za kutu ni nyingi. Za kawaida ni vitamini C na vitamini E. Mwezi huu tumeotesha chembe za mishipa kwenye visahani tukazimwagia sukari nyingi. Zisizopata kitu zilikufa. Zilizotangulia kupewa vitamini C zilipona kwa wingi, nilipoziona kwenye hadubini niliimba. Kuna mengi ya kusema juu ya hilo, nitakuandikia nikitulia.

Hujanijibu kuhusu nyayo.

Mdogo wako


Karakana, Jumatatu, 11 Machi

Profesa,

Kaa kitako kwanza. Umekaa? Nimepona.

Unanijua, sifanyi kazi nusunusu. Rejeta ikija imejaa kutu, fundi wa juzi anakimbilia kumimina dawa juu ya maji yaliyomo. Hapo ndipo wanapoharibu. Dawa mbili hazikai kwenye bomba moja, zinagombana na kuganda kama uji, na mteja anarudi kesho yake akiwa na mvuke mwingi kichwani kuliko gari lake. Mimi namwaga kwanza. Natoa yote ya zamani, naacha bomba likauke, ndipo natia dawa mpya. Ndiyo sababu malori yanapita karakana sita kuja kwangu.

Basi nimejitengeneza vilevile. Tarehe ishirini na nane nilivisimamisha vidonge vya hospitali. Siku nne sikuingiza dawa yoyote, nimwage ya zamani. Tarehe nne Machi nikaanza dawa yako. Unamkumbuka Chifu, niliyekuwa naye melini, yule aliyeoa bandari tatu? Siku hizi anauza makopo ya vitamini. Nikamwonyesha barua yako, akasoma pale penye visahani, akanipa mkono. Nameza C kumi kwa siku, zile kubwa, na E tatu.

Na usiseme sikupima. Chifu anauza pia vijikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo. Tarehe tatu, kabla ya dawa, kijikaratasi kiligeuka kahawia kama kimechovywa kwenye grisi. Tarehe saba kikawa kijani. Leo asubuhi hakikubadilika hata kidogo. Hakuna sukari! Vidonge vya hospitali mwaka na nusu havikuniletea karatasi safi hivi.

Ninavyojisikia? Nakunywa maji ndoo nzima kwa siku, naona bomba linajisuuza. Suruali zinanidondoka, wifi yako anasema nimekonda, mimi namwambia nimerudi umbo la baharini. Macho yana ukungu kidogo, hiyo ni kutu inatoka. Kuna kidonda pia, kidogo tu, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hakiumi kabisa, kwa hiyo hakina neno.

Mwambie bosi wako akitaka kuja kunitazama, karakana hufunguliwa saa mbili.

Kaka yako aliyepona


Maabara, Alhamisi, 14 Machi

Kaka,

Ukifika mwisho wa mstari huu, vaa shati uende hospitali. Mengine utayasoma njiani.

Nimekupigia mara kumi na moja. Simu ya wifi nayo haipatikani. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ameniahidi kuiweka mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Hujapona. Karatasi imekudanganya, na iliyoidanganya ni ile vitamini. Kijikaratasi kile kina dawa ndani yake. Ikikutana na sukari inatoa ile ile oksijeni kali niliyokueleza, na hiyo ndiyo inayogeuza rangi. Vitamini C ikijaa kwenye mkojo inaizima kabla haijageuza kitu. Kwa hiyo dawa yako ya kutu imefanya kazi, Kaka. Imefanya kazi kwenye karatasi. Sukari ipo, na kiu hiyo ndiyo sukari, na kukonda huko ndiyo sukari, na ukungu wa macho ni sukari.

Na rejeta unaimwaga wakati injini imezimwa. Wewe hukuzimwa. Umetembea siku kumi na nne bila maji, mlimani.

Sasa lile nililopaswa kukuandikia tarehe ishirini na sita. Kisahani changu si mtu. Wataalamu walionitangulia walishawajaribu watu wenyewe, maelfu, wenye kisukari, kwa miaka, wakawapa vitamini hizo hizo. Mishipa yao haikupona zaidi ya wale ambao hawakupewa. Kutu hii haipakwi dawa huku moto unaendelea kuwaka. Unashusha sukari, unashusha presha, unaacha sigara, na moshi unapungua wenyewe. Vile vidonge ulivyoviweka kando ndivyo vilivyokuwa vinakulinda. Nilijua yote hayo. Sikuandika kwa sababu mashine iliniita na kwa sababu nilitaka ufurahi na mimi.

Kidonda kinachouma kingenipa usingizi. Hicho kisichouma ndicho kinachonitisha. Usikikande, usikitumbue, usikipake kitu cha Chifu. Waonyeshe hospitali mguu kabla hawajakuuliza jina.

Jumamosi niko hapo.

Mdogo wako


Nyumbani, Alhamisi, 14 Machi

Wifi,

Usishangae mwandiko, naandika mbio. Najua unatupigia. Kaka yako amezima simu yake, na yangu kaichukua akasema kioo kimelegea kaipeleka kwa fundi. Fundi gani, nimeikuta kwenye sanduku la spana, haina laini.

Aliniapisha nisikwambie. Nimekaa na kiapo hicho tangu jana na nimekitua. Jana nilikuwa nafagia chumbani nikasikia harufu. Nikadhani panya kafia chini ya kabati. Nikasogeza kabati peke yangu, hakuna panya. Harufu ilikuwa kwenye soksi yake. Akiwa anaoga nikasukuma mlango nikaingia, mimi ni mkewe, akapiga kelele kama nimemfumania na mtu. Wifi, kidole gumba na vile viwili vya pembeni vimekuwa vyeusi. Chini yake pana shimo, amelijaza pamba akazungushia ule utepe mweusi wa kufungia nyaya. Nikamwuliza huumwi? Akasema hasikii chochote, nami nisimtie nuksi.

Mimi sikusoma kama wewe, lakini nyama nyeusi naijua.

Barua zako anazo kifuani, ndani ya shati. Kila nikimwambia hospitali ananitolea moja ananisomea, ananiambia mdogo wangu ni profesa, wewe ni nani. Nimefika mahali nikakuchukia siku mbili hizi. Nakwambia ili tusiwe na deni la moyo tukionana.

Leo asubuhi ameamka ameniita kwa jina la mama yenu. Nikamwambia mimi siye. Akanitazama, akaniita tena. Anapumua kama ametoka kukimbia. Nimemwita jirani mwenye pikapu, wanamtoa sasa hivi, watu watatu wamembeba na bado anawaelekeza namna ya kubeba. Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana. Sijui utaisoma ukiwa wapi.

Wifi yako


Benchi la nje ya wodi ya wanaume, Jumatatu, 18 Machi, saa nne na nusu asubuhi

Kaka,

Leo ni siku ya tatu niko kwenye benchi hili. Nalijua sasa kuliko kitanda changu, lina msumari upande wa kushoto. Jumamosi muuguzi alitoka akasema umelala. Jana akatoka akasema umelala. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na mimi nilikuwa nakusikia unamsimulia wa kitanda cha pili habari za dhoruba ya siku tisa. Mwaka jana ilikuwa ya siku sita.

Nilifurahi kuisikia sauti hiyo, sitakuficha. Ijumaa wifi aliponiambia kwa simu ya jirani kwamba wamekutundikia dripu mbili na hujui ni siku gani, nilisafiri na nguo nyeusi kwenye mkoba. Nimeziweka chini kabisa wifi asizione. Ameziona.

Nakuandikia kwa sababu ya daktari wa upasuaji. Ametoka sasa hivi akakaa hapa kwenye benchi, na nimeona daktari akikaa mambo si mazuri. Amesema ameupima mguu, damu bado inafika kisiginoni na katikati ya unyayo. Leo akikuondolea vidole vitatu na ile nyama iliyokufa, mguu unaweza kubaki. Sumu inapanda. Akisubiri mpaka Alhamisi atakata chini ya goti, na hiyo ni kama utakuwa umefika Alhamisi. Chumba cha upasuaji amekishika mpaka saa nane mchana wa leo. Fomu unayo tangu Ijumaa na huisaini. Kila akikuuliza unamwambia unaifikiria, kisha unamchekesha, naye ana wagonjwa wengine.

Sijui kama huniiti kwa sababu ya hasira. Ungekuwa na haki. Nimerudia ile barua ya tarehe ishirini na sita kichwani mara nyingi, najua kila neno, na najua ni wapi palitakiwa sentensi moja zaidi. Watu elfu moja wangeisoma wasifanye ulichofanya. Lakini mimi sikuwaandikia watu elfu moja, nilimwandikia fundi rejeta, nikamwambia ana kutu na nikamtajia dawa. Nilikuwa najivunia kwamba ninajua kukueleza.

Unichukie basi. Nichukie mwaka mzima, nitakuja kila mwezi uninunie ana kwa ana. Ila saini leo. Wifi amekwenda nyumbani kubadilisha nguo, atarudi saa saba. Usimfanye arudi akute saa nane imepita.

Barua hii nampa muuguzi. Nitakaa hapa hapa.

Mdogo wako


Wodi ya wanaume, kitanda cha nne, Jumatatu hiyo hiyo, saa sita kasoro

Mdogo wangu,

Sikuchukii. Umetunga hilo peke yako huko kwenye benchi, na msumari umekusaidia.

Nimemwomba muuguzi asiondoke mpaka nimalize, amesimama hapa anatazama saa, kwa hiyo sitazunguka.

Kidonda nilikipata tarehe ishirini na mbili Januari. Hesabu mwenyewe. Hatukuwa tumeandikiana hata barua moja. Nilikuwa nalehemu rejeta ya basi, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikawafokea wenzangu, nikauliza nani anachoma nyama karakanani saa za kazi. Wakasema hakuna anayechoma. Nikazunguka, nikafunua mapipa, nikanusa mpaka kwenye chumba cha yule wa kuchomelea. Harufu inanifuata. Ndipo nikatazama chini nikaona moshi unatoka kwenye buti langu. Tone la risasi ya kulehemia lilikuwa limezama ndani limekaa kwenye nyama yangu muda wote huo, na mimi natembea. Nilicheka kwa sauti, wote wakacheka. Niliporudi nyumbani nilijifungia chooni nikakaa mpaka wifi yako akagonga.

Ile barua ya kwanza, ya mwalimu mstaafu, niliiandika nikuulize kama mguu usiosikia moto unaweza kurudi. Nikajaza kurasa mbili na sikuuliza. Barua yako ilipokuja ilinijibu bila kuulizwa, pale uliposema mtu anaumia bila kupata habari. Pale karakanani juu ya tairi mstari huo niliuruka. Walisikia kutu tu. Na mimi nikaanza kusikia kutu tu, maana kutu naiweza.

Kwa hiyo usibebe mzigo wote. Chukua upande wako, upo, na huu mwingine ni wangu. Hata Chifu ameshika mpini kidogo. Jana alikuja na kopo jipya, wifi yako akamtoa mlangoni nalo. Nimesikia kishindo, sikuuliza.

Nilikuwa sitaki uingie kwa sababu moja. Tangu unafungwa vifungo vya sare ya shule, mimi ndiye nilikuwa nakwambia hakuna cha kuogopa. Sasa naogopa. Sijui mtu akiogopa anauweka wapi uso wake mbele ya mdogo wake. Wa kitanda cha pili ni mgeni, huyo ni rahisi.

Na fomu. Fomu nimeisoma Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na leo. Vidole nimeshaviaga, viende. Lakini chini kabisa kuna mstari unasema naridhia upasuaji uliotajwa pamoja na utaratibu mwingine wowote utakaoonekana wa lazima. Nimeuelewa hivi: nikisaini vidole, nimewapa na mguu, na nikiamka nitakuta shuka limelala bapa. Labda ndivyo ulivyo. Labda sivyo. Sijamwuliza mtu. Ijumaa ileile nilipopata fahamu niliwaambia wodi nzima kwamba nimesoma mikataba ya meli kwa lugha nne. Sasa nimwite muuguzi nimwambie nini, kwamba mstari mmoja wa fomu umenishinda? Siku tatu nimekaa juu ya mstari huo huku mguu unaoza.

Muuguzi anasema imetimia saa sita. Nimemwambia aliye kwenye benchi ni profesa na aruhusiwe kuingia kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Ameniambia yeye anaona ni dada wa mgonjwa tu, na hao pia wanaruhusiwa.

Kalamu ninayo. Ingia unisomee mstari ule polepole, na nisipouelewa nitakwambia sijaelewa.

Kaka yako